LOUIS LEAKEY: MTOTO WA MISHENI ALIYEOKOTA MAWE



Tumezoea kusoma katika kurasa hizi maisha ya watakatifu, ya maaskofu, na ya wamisionari waliotuletea Injili. Safari hii nimeona vema tusome habari za mtu wa namna nyingine. Hakuwa mtakatifu, wala hakuwa padri, ijapokuwa katika ujana wake alikusudia kuwa padri. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, mtu wa kuchimba ardhi na kutafuta mifupa na zana za mawe. Lakini alizaliwa katika nyumba ya padri wa Kianglikana, shemeji yake alipata kuwa Askofu Mkuu wetu, na kazi yake iliyo kubwa kuliko zote aliifanya katika nchi yetu. Jina lake ni Louis Seymour Bazett Leakey.

Sababu ya kumchagua ni hii. Wako wazazi katika mitaa yetu wanaoshtuka mtoto anaporudi kutoka shule na daftari la Historia, akauliza kama Adamu ndiye yule Zinjanthropus wa Olduvai. Wengine humkemea. Wengine humwambia aandike tu katika mtihani ili apate maksi, lakini asiamini. Mimi nilisomea ualimu nikafundisha watoto mpaka nilipostaafu, na jambo moja nalijua kwa hakika: mtoto aliyekemewa kwa sababu ya swali haachi kujiuliza, ila huacha kutuuliza sisi. Maisha ya Leakey yanaonyesha vizuri yatokeayo pale mtoto anaposikilizwa.

KUZALIWA NA MALEZI

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa CMS, na baadaye akawa Kanoni. Wakikuyu walimwita Giteru kwa sababu ya ndevu zake nyingi. Yeye ndiye aliyeshughulika sana na kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mama yake, Mary Bazett, naye alikuwa mmisionari, na hapo Kabete wazazi hawa wawili walifundisha watoto wa Kikikuyu, wavulana na wasichana.

Nyumba waliyoanza nayo ilikuwa ya udongo na paa la nyasi. Louis alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa kichanga dhaifu. Wazee wa Kikikuyu walikuja kumtazama mtoto wa kizungu aliyezaliwa katika nchi yao. Hakufa, bali alikua kati ya watoto wa Kikikuyu, akacheza nao, akawinda nao, na lugha yao ikawa kama lugha ya mama kwake. Alipofikia umri wa kutahiriwa alihesabiwa katika rika la Mukanda pamoja na wenzake, akapewa jina la Wakaruigi. Kisha, kama ilivyokuwa desturi ya vijana waliokwisha kuingia rika, alijijengea nyumba yake mwenyewe, akahamia humo na mayai yake ya ndege, ngozi, na mafuvu ya wanyama aliyoyakusanya. Alikuwa na umri wa miaka kama 13 tu. Sisi watu wa Rufiji tunaojua jando ni kitu gani hatuhitaji kuelezwa sana: kijana wa namna hii hawezi tena kutendewa kama mtoto mdogo. Jambo hilo lilimletea taabu baadaye, kama tutakavyoona.

MAWE MEUSI

Krismasi ya mwaka 1915 mtoto huyu alipelekewa kitabu kutoka Uingereza. Kilikuwa kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa zamani sana, waliotumia zana za mawe kabla chuma hakijajulikana. Louis alikisoma, akatoka nje kutafuta. Kitabu kilisimulia habari za mawe ya Ulaya, yeye asiyoyajua. Lakini huko Kabete, katika mashamba na kwenye kingo za barabara zilizochimbwa, kulikuwa na vipande vya jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Wakikuyu waliviita nyembe za mizimu. Kwa wengine vilikuwa kama vigae vya chupa tu, visivyo na maana. Louis aliviokota kimoja kimoja, akajaza vyombo.

Siku moja alivipeleka kwa Bwana Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ndogo ya Nairobi. Loveridge alikuwa mtaalamu wa nyoka na mijusi, na alikuwa amekwisha kumfundisha kijana huyu mambo ya ndege na wanyama. Alivitazama vile vipande kwa makini, akamwambia kwamba baadhi yake kweli vilikuwa zana zilizochongwa na mikono ya watu wa kale. Akamtia moyo aendelee.

Wapenzi, hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mtu mzima mwenye kazi zake alikubali kukaa chini na mtoto wa miaka kumi na michache, akatazama takataka zake moja moja, akamjibu kwa ukweli. Tangu siku ile Louis aliweka nia ya kujua watu wa kwanza wa Afrika Mashariki walikuwa nani na waliishije. Alikuwa na nia hiyo hiyo siku alipokufa, zaidi ya nusu karne baadaye.

SHULENI UINGEREZA

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, familia ilikwenda Uingereza, na mwaka 1919 Louis aliingizwa katika shule ya bweni huko Weymouth. Alikuwa na miaka 16. Kijana aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe sasa aliwekewa sheria za kila namna, na wenzake walimcheka kwa maneno yake na mwendo wake. Masomo nayo hayakuwa mepesi kwake. Alipouliza habari za kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge alishauriwa heri atafute kazi ya benki. Ni mwalimu wake wa Kiingereza aliyemsaidia kupeleka maombi.

Mwaka 1922 akaingia Cambridge, chuo kikuu kile kile alichosoma baba yake, katika Chuo cha Mtakatifu Yohana. Huko walitaka lugha mbili za kigeni. Moja alitaja Kifaransa, ya pili akataja Kikikuyu. Wakubwa wa chuo walitaka ushahidi kwamba anakijua kweli, naye akatoa hati aliyopewa na Chifu Koinange, iliyotiwa alama ya kidole gumba. Ikakubaliwa.

Wakati huo bado alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake. Lakini katika mchezo wa raga mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa, akaumwa kichwa kwa muda mrefu na kupatwa na kifafa. Daktari alimkataza kusoma kwa muda, akamshauri akakae nje penye hewa safi. Ndipo kijana huyu akaletwa kwetu.

MIFUPA YA TENDAGURU

Watu wa Ikwiriri huona kila siku magari yaendayo kusini yakivuka Daraja la Mkapa kuelekea Lindi. Huko, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi zamani za kale, waitwao dinosaria. Wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka pwani, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa hata leo katika makumbusho ya Berlin, akiwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu.

Baada ya vita, Makumbusho ya Uingereza yalituma watu kuendelea na uchimbaji. Mkubwa wao alikuwa Bwana William Cutler, aliyejua mifupa lakini hakuijua Afrika. Louis alijua Afrika lakini hakujua kuchimba mifupa. Basi mwaka 1924 waliondoka pamoja. Kijana wa miaka 20 alisimamia kambi, vibarua na chakula, na Cutler akamfundisha namna ya kuufunua mfupa polepole bila kuuvunja na namna ya kuuvika plasta kabla ya kuusafirisha. Louis akarudi chuoni baada ya miezi michache. Cutler alibaki, akafa kwa homa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mikono iliyokuja kufanya kazi Olduvai ilipata mafunzo yake ya kwanza ya uchimbaji katika ardhi ya kusini mwa Tanzania.

ALIKOTAZAMA MWENYEWE

Louis alimaliza chuo mwaka 1926 kwa kufaulu vizuri sana. Moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka: hakuchukua upadri, alichukua sururu. Wakuu wengi wa elimu wakati huo waliamini kwamba chanzo cha binadamu ni Asia, wakamwambia asipoteze wakati wake Afrika. Hakuwasikiliza. Aliongoza safari baada ya safari katika Bonde la Ufa huko Kenya, penye maziwa ya Nakuru na Elmenteita, akapata zana nyingi na mifupa ya watu wa kale.

Mwaka 1931 alifika Bonde la Olduvai, upande wa Serengeti, pamoja na Profesa Hans Reck, Mjerumani aliyechimba hapo mwaka 1913. Reck alimwambia kwamba bonde lile lina mifupa mingi lakini halina zana za mawe hata moja. Louis akawekeana naye dau la pauni 10 kwamba ataona zana kabla saa 24 hazijapita. Akashinda mara moja. Na tuangalie sababu ya ushindi ule. Reck alitafuta zana za jiwe la aina ile itumikayo Ulaya, ambalo halikuwako hapo. Watu wa kale wa Olduvai walichonga mawe ya kwao, ya volkano na ya aina nyingine. Yule aliyeokota vipande vyeusi Kabete tangu utoto alijua kutazama kilichopo, si kile kilichoandikwa kwamba kiwepo.

MAKOSA YAKE

Si haki kusimulia maisha ya mtu tukaficha makosa yake, maana vijana wetu watayasoma mahali pengine na kutuona sisi waongo.

Mwaka 1928 Louis alimwoa Frida Avern, wakapata mtoto wa kike na wa kiume. Mtoto wa pili akiwa bado mchanga, Louis alimwacha mkewe kwa ajili ya Mary Nicol, msichana aliyekuwa akimchorea picha za zana za mawe. Talaka ilitoka mwaka 1936, na mwishoni mwa mwaka huo huo akamwoa Mary. Jambo hili liliwaumiza sana wazazi wake, na milango ya Cambridge ikafungwa mbele yake. Frida alibaki na watoto wake.

Kosa la pili lilikuwa la kazi. Mwaka 1932 alitangaza taya la mtu alilolipata Kanam, magharibi mwa Kenya, akisema ni la kale mno. Profesa Boswell alipokuja mwaka 1935 kuona mahali lilipotoka, Louis hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji kwa matumizi yao, na picha aliyoitoa ilikuja kujulikana kuwa ni ya mahali pengine. Boswell aliandika habari hizo hadharani, na jina la Leakey likashuka. Taya lenyewe, lilipochunguzwa baadaye, halikuonekana kuwa la kale kama alivyodai. Walimu wenzangu watanielewa: akili nyingi bila kuandika kazi kwa uangalifu haimfai mtu.

Tena, wakati wa Mau Mau aliitumikia serikali ya wakoloni, akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Wakikuyu wengi waliomhesabu kuwa wa rika lao waliona amewaacha. Naye alionja uchungu wa vita hivyo, maana binamu yake, Gray Leakey, aliuawa mwaka 1954. Ilikuwa miaka mizito kwa kila upande.

FUVU LA OLDUVAI

Kwa karibu miaka 30 Louis na Mary walirudi Olduvai kila walipopata fedha. Mara nyingi maji yalikuwa haba, na simba walitembea karibu na kambi. Walipata zana nyingi na mifupa ya wanyama, lakini aliyezichonga zana zile hawakumwona.

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kitandani na homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake. Akaona kipande cha mfupa kimetokeza ardhini, kisha meno mawili makubwa. Akarudi mbio kwa gari mpaka kambini kumwita mumewe, naye homa ikasahauliwa. Lilikuwa fuvu lililovunjika vipande mamia, wakaliunga kwa subira. Louis alimwita kiumbe yule Zinjanthropus. Neno Zinj ni jina la zamani walilotumia Waarabu kwa pwani yetu, nalo limo pia katika jina la Zanzibar. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano ya mahali pale wakapata umri wa miaka 1,750,000. Ulimwengu wote ulishangaa, na wale waliotazama Asia wakaanza kugeuza macho kutazama Afrika.

Baadaye Leakey mwenyewe alikubali kwamba yule wa kwanza hakuwa babu yetu wa moja kwa moja. Mwaka 1960 mtoto wao mkubwa, Jonathan, kijana asiyefika bado miaka 20, aliona karibu na hapo mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Taya lilikuwa la mtoto wa miaka kama 12 au 13. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili walimpa jina la Homo habilis, maana yake mtu mwenye ustadi wa mikono.

Fuvu la Zinjanthropus lilirudishwa nchini mwaka 1965, likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

MWALIMU WA WATOTO

Huyu hakuwa mwalimu wa darasani, lakini alifundisha mahali pote alipokuwa. Cambridge alijifunza kwa Profesa Haddon michezo ya kufuma uzi kwenye vidole, ile ambayo watoto wetu nao huicheza, na kila alikokwenda aliitumia kufanya urafiki na watoto na wazee. Alipowekwa kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifungua milango yake kwa watu wa rangi zote. Siku zile za ubaguzi halikuwa jambo dogo.

Watoto wake aliwapeleka kambini tangu wangali wadogo. Inasimuliwa kwamba mwanawe Richard, akiwa na miaka sita hivi, alikuwa akisumbua wazazi kazini huko Kanjera. Baba yake akamwambia aende akatafute mfupa wake mwenyewe. Mtoto akaenda, akaanza kukwangua udongo, na kumbe alikuwa amepata taya la nguruwe mkubwa wa kale. Wazazi walipoona jinsi lilivyo zuri walimwondoa, wakalichimba wao, naye akaona uchungu wa kunyang'anywa. Walimu na wazazi tuyashike yote mawili: kumpa mtoto kazi ya kweli, na kutomnyang'anya pale anapofanikiwa. Richard alikuja kuwa mtafuta mifupa mashuhuri kama baba yake, mpaka alipofariki mwaka 2022.

Leakey hakutazama cheti kwanza. Heslon Mukiri, rafiki yake wa utoto wa Kabete, alifanya naye kazi tangu safari zake za mwanzo, akawa na jicho kali kuliko wasomi wengi. Kamoya Kimeu, Mkamba aliyesoma kidogo tu, aliajiriwa Olduvai mwaka 1960 kama kibarua. Jioni aliendelea kujifunza mifupa, na mwaka 1984 ni yeye aliyeiona huko Turkana mifupa ya mtoto wa kiume wa kale, kiunzi kilicho karibu kamili. Jane Goodall alikuwa katibu wake, hana digrii, Leakey alipomtuma Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Alikuja kupata udaktari wa Cambridge. Mwaka 1991 mama huyo aliwakusanya vijana 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, akaanzisha nao chama cha Roots & Shoots, jina lenye maana ya mizizi na machipukizi, ambacho kimeenea katika shule za nchi nyingi. Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025.

Ukifuata mstari huo kutoka mwisho mpaka mwanzo, utafika kwa Bwana Loveridge akiwa ameinamia vipande vya mtoto.

HABARI YA IMANI

Sasa turudi kwa mzazi aliyeshtuka.

Leakey alilelewa kwa Biblia, na baba yake alitumia maisha yake kuitafsiri. Dada yake Gladys aliolewa na Leonard Beecher, yule aliyekuwa Askofu Mkuu wa Jimbo la Afrika Mashariki tangu 1960 mpaka 1970, wakati Wakenya na Watanzania tulipokuwa jimbo moja. Huyu Beecher ndiye aliyeongoza ile tume ya mwaka 1949 juu ya elimu ya Waafrika Kenya, na taarifa yake iliitwa kwa jina lake. Hivyo katika familia moja alikuwamo mtu wa mifupa na mtu wa fimbo ya kichungaji. Kanisa halikubomoka kwa sababu ya fuvu la Olduvai.

Leakey mwenyewe alishikilia kwamba hakuona vita kati ya kazi yake na imani ya kwamba Mungu ndiye Muumba. Aliona shida ipo katika namna watu wanavyosoma. Mimi si mwanateolojia, lakini kwa akili ya mwalimu naona hivi. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyetuumba, na kwamba tumetoka mavumbini. Mchimbaji anapiga magoti katika mavumbi hayo hayo, anatuambia ni ya lini na yana nini ndani yake. Mtoto aweza kubeba yote mawili katika mfuko mmoja wa vitabu. Asichoweza kubeba ni kuona kwamba kanisani anakatazwa kuuliza, na shuleni anacheka wanaosali.

Basi mtoto akikuuliza, mwambie lile unalolijua. Usilolijua, mwambie twende kwa padri, twende kwa mwalimu, tuulize pamoja. Hilo halishushi heshima ya mzazi.

ARDHI YETU YA RUFIJI

Tusidhani mambo haya ni ya Olduvai peke yake. Hapa kwetu, katika maeneo ya Kibiti na delta ya Rufiji, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za enzi za Warumi, akaandika habari zake mwaka 1999. Kuna kitabu cha kale cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, kinachotaja soko la mwisho la pwani hii, liitwalo Rhapta. Wataalamu wengine, yeye akiwa mmoja wao, hufikiri kwamba soko hilo lilikuwa pande hizi hizi. Maana yake, zamani zile ambapo Mtume Paulo alikuwa akisafiri katika bahari ya Warumi, au muda mfupi baada yake, watu wa pwani hii walikuwa wakifanya biashara iliyofika mpaka huko.

Watoto wetu wanapolima mpunga au kuchota mchanga huokota vigae vya vyungu na shanga, wakavitupa. Heri tuwafundishe kuviacha mahali vilipo na kumwita mwalimu aje kuona, maana kitu kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari yake. Leakey aliumbuka Kanam kwa jambo hilo hilo.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69, akiwa njiani kwenda kufundisha nchi za nje. Mwili wake ulirudishwa Kenya, akazikwa Limuru karibu na makaburi ya wazazi wake. Kazi yake kubwa juu ya mila za Wakikuyu, aliyoiandika kabla ya vita kwa msaada wa wazee wao, ilichapishwa mwaka 1977 katika vitabu vitatu. Mary aliendelea kuchimba miaka mingi, akafariki mwaka 1996.

Ikwiriri si mbali na Dar es Salaam siku hizi. Kwa saa chache za basi watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanaweza kufika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, na huko wakajifunza habari za Olduvai na za fuvu lile. Naomba Baraza la Mtaa lifikirie safari hiyo wakati wa likizo, na wazazi tuchange nauli mapema. Padri awepo, na mwalimu wa Historia awepo, ili watoto wakiuliza wasikose wa kuwajibu.